Udi, Mashine na Kifua cha Mama

Kilindoni,
Mafia.
4 Machi 2018

Mpendwa Kaka Taufiki,

Assalaam alaykum, na shikamoo juu yake. Naomba barua hii ikukute mzima, umeshakula, na simu umeiweka mbali, maana nakujua, kusoma kwako ni kwa jicho moja. Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi Arafa na watoto hawajambo? Nasikia mwaka huu huko Muskati watu walivaa masweta. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba kaka yangu anatetemeka kwa baridi Uarabuni, hakuna aliyeniamini.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Joto ni lile lile unalolijua. Pale nyumba ya wageni ninapofanya kazi hatukai chini, kwa sababu msimu huu papa potwe wamesogea karibu sana na vyumba vyote vimejaa Wazungu wanaotaka kuogelea nao. Watu wa hifadhi ya bahari walikuja kutupa semina nzima ya kuwaeleza wageni kwamba samaki yule hashikwi wala hapandwi mgongoni. Mimi ni mtu wa mashuka na chai, lakini nimepewa cheti kama wengine, na nimekibandika ukutani.

Mama naye hajambo. Nimeliandika hilo mapema ili usisome kwa roho juu. Ila alivyofika hapo ni habari ndefu, na kwenye simu siwezi kuieleza, kwa sababu kila nikikupigia yeye yuko pembeni anangoja kukusalimu. Mambo mengine ni ya kusomwa polepole, si ya kusikilizwa huku mtandao unakatika. Abeid jirani yetu anarudi kazini huko wiki hii, naye amekubali kuibeba barua hii.

Uliuliza kama utume mashine ya pili ya kusafisha hewa, kubwa zaidi lakini ya aina ile ile, ili moja ikae chumbani kwa Mama na nyingine sebuleni. Mama amekujibu utume ukipenda. Amekujibu hivyo kwa sababu hajapata kukukatalia kitu tangu ulipozaliwa, na kazi hiyo ameniachia mimi. Usitume, kaka. Na ile ya kwanza nimeizima, iko uvunguni mwa kitanda changu. Usiiweke barua chini kwa hasira. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu ukitaka kununa, nuna.

Ulikuja kwenye mazishi ya Baba, ukakaa nasi wiki ile, ukarudi kazini. Yaliyofuata umeyasikia nusu. Unajua pumu ya Mama ilivyokuwa miaka yote, analala ameketi, mito imerundikwa mgongoni, na ile pampu yake ya kuvuta iko mkononi hata akienda uani. Basi alipoingia eda kifua kikafunguka. Mito ikapungua kidogo kidogo, mwisho akawa analala chali kama mtu mwingine yeyote. Tulikuambia kwenye simu ukasema alhamdulillahi, nasi huku tulisema hivyo hivyo.

Ambayo hukuambiwa ni maneno ya watu. Mimi na wewe tunamjua Baba yetu, Mungu amrehemu. Hakupata kumwinulia Mama mkono, lakini ulimi wake ulikuwa mkali na sauti yake ilivuka ukuta. Mtaa mzima ulikuwa unajua siku ambayo Mzee Matano amekuta chai imepoa. Sasa watu wakija kumpa Mama pole wanamkuta uso umenawiri, anaongea bila kuhema. Siku moja mwanamke mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ukija utamsalimia vibaya, alisema mbele ya watu kwamba naona ugonjwa umeondoka na mwenyewe. Akacheka. Wengine wakatazama mkeka.

Tangu siku ile Mama hakumtaja tena Baba, wala hakulia. Kabla ya hapo alikuwa analia kama wajane wanavyolia, kidogo asubuhi, kidogo akiona kofia yake imening'inia. Baada ya neno lile machozi yakakauka. Mimi nikadhani huzuni imepoa kama inavyopoa kwa watu wote. Kumbe sivyo. Nilikuwa namchana nywele siku moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shamsa, naogopa moyo wangu umefurahi bila kuniomba ruhusa."

Nilimwambia aache maneno hayo, nikaendelea kumchana. Lakini yalinikaa. Hebu fikiria, kaka, mtu ambaye kila akilala vizuri anaamka na aibu. Alikuwa anaishi na Baba miaka ile yote, anamvumilia na anampenda, sote tuliona, halafu kifua chake mwenyewe kinamshuhudia kinyume.

Eda ikaisha. Ndugu na majirani wakaja kumtoa, wakamwogesha, wakamvika kanga mpya na kumpaka marashi. Mama Mdogo Mwanamkuu, na unamjua huyu mdogo wake Mama alivyo kwenye mambo haya, akautoa ule udi mzuri uliokuwa umeutuma mwaka juzi. Akamfukiza Mama kisawasawa, amesimama juu ya chetezo na kanga imemfunika mpaka miguuni. Hata pilau haijapakuliwa, Mama akaanza kuhangaika kutafuta hewa. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, mimi nimemshika asianguke, midomo yake imebadilika rangi. Nilidhani nimempoteza.

Pale hospitali walimvutisha dawa ya mvuke, na kifua kilipotulia daktari akauliza kama nyumbani kuna moshi. Tukajibu wote kwa pamoja kwamba hakuna, sisi tunapikia gesi na hakuna anayevuta sigara. Tulijibu kwa fahari kabisa. Na hakuna aliyesema uongo, kwa sababu kwetu udi si moshi. Moshi ni wa kuni, wa makumbi ya nazi, wa jenereta. Udi ni udi. Tulisimama mbele ya daktari yule nguo zetu zote zinanukia, tukamwambia hakuna moshi, naye akaandika.

Mama aliporudi nyumbani alikuwa na jibu lake tayari. Kwamba ameadhibiwa. Kwamba alipata nafuu ndani ya msiba wake mwenyewe, na sasa Mungu amemwonyesha. Hakuwaambia watu, aliniambia mimi tu, na kuanzia hapo kila kifua kilipombana alikipokea kama stahili yake. Pampu ikawa namlazimisha kama mtoto. Hilo lilinitisha kuliko pumu yenyewe, maana ugonjwa una dawa, lakini mtu anayeona kuumwa ni haki yake utamtibu kwa nini?

Ndipo nilipokupigia nikakuambia hali ni mbaya, nawe ukatuma mashine. Ndani ya boksi lile lile uliweka na kopo la udi, kwa sababu Mama alikuwa amekuambia ule wa zamani umekwisha. Ukasema ni ule ule aliokuwa akiupenda Baba. Mama alilishika lile kopo kwa muda, akampa Mama Mdogo, na jioni hiyo hiyo chetezo kikawashwa.

Mashine yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho, nyeupe, na taa yake ya buluu. Ilipowashwa ilitoa harufu kali ya kipekee, kama ile inayobaki hewani baada ya radi kupiga karibu. Mama Mdogo akavuta pumzi, akasema hii ndiyo mashine, inanukia usafi. Wote tukakubali. Sasa nikikumbuka naona hapo ndipo tulipopotea, na sidhani kama watu wa mahali pengine wangepotea kwa njia ile. Sisi usafi tunaujua kwa pua. Mgeni akija tunachoma udi, kitandani tunamwaga asumini, nguo tunazifukiza kabla ya kuvaa, hata maiti hatumtoi ndani bila harufu nzuri. Kitu kisichonukia kwetu bado hakijasafishwa. Basi mashine ikinukia, tukasema imefanya kazi yake.

Tukaiweka karibu na kichwa cha Mama, tukafunga madirisha, tukaiwasha kwa nguvu zake zote. Mama akaanza kukohoa kikohozi kikavu, koo linamwasha, macho yanamtoka maji. Tukasema uchafu unatoka. Mama Mdogo akaongeza udi ili kuisaidia mashine. Nawe ukipiga simu tunakuambia zawadi yako inafanya kazi, kwa sababu tuliona haya kusema vinginevyo.

Aliyenifumbua macho ni Wajiha, mke wa Sohail, wenye lile duka tunaponunua sukari na mchele. Nilikwenda pale nimechoka, akaniuliza hali ya Mama, nikamwaga yote. Aliniuliza swali moja tu, mashine ina harufu gani. Nilipomweleza, alitoka nyuma ya kaunta akanikalisha juu ya gunia. Binti yake, Masooma, ana pumu tangu mdogo, na wamezunguka naye kwa madaktari wa Dar es Salaam mpaka Wajiha mwenyewe anaongea kama wao. Akaniambia harufu ile ni ya hewa inayoitwa ozoni. Kuna mashine zinazoitengeneza kwa makusudi na wauzaji wanaisifu kwamba inaua vijidudu, lakini hewa hiyo inachubua mapafu, na kwa mwenye pumu ni hatari. Nikambishia kwamba mbona inanukia usafi.

"Hewa safi haina harufu, Shamsa," akasema. "Ukiisikia, kuna kitu ndani yake."

Nilikwenda moja kwa moja kuizima. Baada ya siku chache kile kikohozi kikavu kikaisha, ingawa kifua kiliendelea kubana, hasa jioni. Masooma sasa anasoma Dar na anakaa kwa bibi yake, kwa hiyo mashine yao ilikuwa imefunikwa kitambaa tu. Wajiha akatuazima. Nimekaa nayo, nimesoma kijitabu chake, nimemhoji mwenyewe mpaka akanichoka. Kwa hiyo naweza kukuambia cha kununua, maana najua utanunua tu hata nikisemaje.

Muuzaji akikuambia mashine yake inatoa ozoni, hata kama ni kidogo, mshukuru uende duka jingine. Nyingine zinajisifu kwa ioni, chembe za umeme wanazosema zinanasa vumbi, na wakati mwingine hizo nazo hutoa ozoni pembeni. Wengine wanasema kuna kitufe cha kuzima sehemu hiyo, lakini wewe unaijua nyumba hii, kitufe kikiwepo kitabonyezwa. Tunachotaka ni mashine isiyo na makuu, feni inayovuta hewa na kuipitisha kwenye chujio zito, basi. Chujio liwe lile linaloitwa HEPA na liandikwe hivyo waziwazi. Yako mengine yanaandikwa "aina ya HEPA" au "kama HEPA", na Wajiha anasema hayo ni maneno ya sokoni.

Usidanganyike na ukubwa wa boksi. Uliza inatoa hewa safi kiasi gani kwa saa, ukilinganishe na chumba. Chumba cha Mama ni futi kumi na mbili kwa kumi, na dari letu unakumbuka liko juu. Chukua inayotosha chumba kikubwa kuliko hicho, ili ifanye kazi kwa mwendo mdogo bila kelele. Hii ya Wajiha ikipandishwa inanguruma, na Mama anaizima akitaka kusikiliza mawaidha redioni. Mashine iliyozimwa haisafishi kitu.

Halafu machujio, kaka, hapo ndipo watu wengi wanapoingia hasara. Chujio linajaa, na hili la HEPA halifuliwi, linabadilishwa. Hapa Mafia ukilihitaji unaagiza Dar, huko likose, lipatikane, lisubiri gari mpaka Nyamisati, boti nayo ikatae kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa, na muda wote huo Mama anategemea chujio lililochoka. Nunua na ya akiba, na iwe ya kampuni ambayo vifaa vyake vinapatikana Dar. Umeme wetu nao bado una tabia zake, unakatika na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo mimi nitanunua stabilaiza hapa hapa.

Kilichonifikirisha zaidi ni madirisha. Mashine inataka chumba kilichofungwa, na chumba kilichofungwa Kilindoni mwezi huu ni tanuri. Mwisho tumekubaliana kwamba upepo wa bahari ukiwa mzuri tunafungua kila kitu na mashine inapumzika. Jirani akichoma makumbi yake, tunafunga na kuiwasha. Koili za mbu tumeacha, Mama ana chandarua. Na dawa zake za hospitali ziko pale pale, mashine haijachukua kazi ya daktari. Wala yenyewe si dawa. Inasaidia tu pale ambapo wenye nyumba wameshaacha kuichafua hewa, na hilo tulikuwa hatujalifanya.

Mama Mdogo hakuipenda mashine ya Wajiha hata kidogo. Hainukii. Alisema ni feni iliyofichwa ndani ya sanduku. Siku moja nikiwa kazini aliifungua kwa nyuma, akalinyunyizia chujio marashi ya mawaridi, karibu chupa nzima, ili nayo ionekane inafanya kazi. Nilirudi nikakuta chujio limelowa chapachapa, chumba kinanukia bi harusi, na Mama amekimbilia barazani anahema. Nilimwendea Wajiha na uso chini. Alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akanitolea chujio lake la akiba. Hapo nikajua kwamba Mama Mdogo hatashindwa kwa maneno yangu.

Aliyemshinda ni taa. Mashine hii ina kitaa kidogo mbele, kijani hewa ikiwa safi, nyekundu ikichafuka. Alhamisi moja mwezi uliopita, baada ya magharibi, Mama Mdogo alileta chetezo chumbani kwa mara ya kwanza tangu mashine hii iingie, kama ilivyo desturi yetu usiku wa kuamkia Ijumaa. Kijitabu cha mashine kinakataza moshi karibu nayo, nami nilikuwa nimeshamwambia asilete, lakini kwenye udi haambiliki, na Mama mwenyewe alikuwa akiutaka kwa ajili ya Baba. Alipofika mlangoni tu, moshi umetangulia, kitaa kikageuka chekundu na mashine ikaanza kunguruma yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Mama Mdogo akasimama pale pale kama mtu aliyesimamishwa na askari.

Mama alikuwa ameketi kitandani, bado hajakohoa. Akakitazama kile kitaa, akamwambia dada yake atoke na chetezo. Akatoka. Tukangoja mpaka mashine ikatulia na kijani kikarudi. Mama akamwita tena, asogee mlangoni tu, asiingie. Akasogea. Kikawa chekundu. Mama akamwambia aende uani akayamwagie maji makaa yote.

Mama Mdogo aliporudi, Mama alikuwa bado anakitazama kitaa. Halafu akatuuliza kama wakati wa eda tulikuwa tunachoma udi mle ndani. Nikamwambia hapana, mwenye eda hasogezewi manukato, chetezo tulikipandisha juu ya kabati baada ya matanga na hakikushuka mpaka siku ya kumtoa. Akauliza kama hatukuchoma hata mara moja. Mama Mdogo akaapa kwamba hata mara moja.

Nilimwona anarudi nyuma kichwani, nami nikarudi naye. Unakumbuka, kaka, kila jioni Mama alikuwa anamfukizia Baba kanzu yake kabla hajakwenda msikitini, kwa sababu Baba na ukali wake wote alipenda kuingia msikitini ananukia. Anainama juu ya chetezo, anapuliza makaa, anakohoa, anapuliza tena. Baba anamfokea kutoka barazani akanywe dawa, akidhani ni uzembe wa kutumia dawa. Miaka yote hiyo kifua chake kilikuwa kinaumizwa na kazi aliyoifanya kwa mapenzi, na hakuna kati yetu aliyejua. Baba alipoondoka, ile kazi ikasimama.

"Basi ni moshi," Mama akasema. "Mimi sikufurahi."

Nami nimeshindwa kulisahau neno hilo. Nimekuwa nikijiuliza ni wangapi wanaobeba lawama ambayo si yao kwa sababu hakuna aliyewauliza swali kwa njia wanayoielewa. Daktari aliuliza moshi. Angeuliza udi, tungemjibu.

Najua hapa utaanza kujilaumu kwa lile kopo, na kwa mashine pia. Usijilaumu. Udi aliuomba mwenyewe, na mashine uliinunua kwa hofu, kama mtoto yeyote ambaye mama yake yuko mbali na anahema. Ila usitume tena udi. Mama Mdogo aliumia kuliko sisi sote. Alikaa jikoni siku nzima hali, anasema amekuwa akimwua dada yake kwa mkono wake. Mama alimwita akamwambia hakujua na yeye mwenyewe hakujua, akamlisha kwa mkono kama walivyokuwa wadogo. Sasa kopo liko nyumbani kwake, anachoma huko, na akija kwetu anabadilisha kanga kwanza. Asubuhi anapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisipande, na kile kitaa anakilinda yeye. Kikibadilika kidogo anauliza nani kaingia na nini.

Tangu tuliposimamisha udi, mito imeanza kupungua tena. Bado ana siku mbaya, sikufichi, na kliniki anaendelea kwenda. Safari hii nilimweleza daktari yote, mpaka na chetezo.

Mjomba Kombo wa Bweni anakusalimu. Alikuja juzi kwa pikipiki, na barabara ilimtikisa mpaka akasahau alichokuja kufuata. Wajiha na mumewe Sohail wanakusalimu pia, na Mama Mdogo anakusalimu sana ingawa anaona haya kuandikwa humu. Nisalimie Wifi Arafa, na watoto uwabusu wote bila kuruka hata mmoja.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho kwa sababu amenipa maneno yake mwenyewe, na amenitaka niyaandike kama alivyoyasema: "Mwambie mwanangu nimemlilia baba yake."

Ni kweli, kaka. Jioni ile ile, makaa yameshazimwa uani, alijilaza akageukia upande aliokuwa akilala Baba, akamlilia. Alimlilia kwa jina lake, akamlilia kwa ukali wake na kwa kanzu zake, alilia mpaka adhana ya isha. Mimi nilikaa pembeni nimeshika pampu, nangoja kifua kimbane. Hakikumbana.

Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali, na atukutanishe Mama akiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Shamsa Matano